Lishe na Mlishwa

Neno ‘lishe’ lina asili yake katika ‘lisha’, kauli ya kutendesha ya kitenzi ‘la’; kwa hivyo pana mlishaji na pana mlishwa. Aghalabu huyu wa pili husahauliwa saratani inapojadiliwa. Aflatoksini, sumu ya kuvu ya mahindi yasiyokaushwa vyema, huweza kumletea saratani ya ini kila ailaye. Lakini hatari huwa kubwa zaidi kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Naye mgonjwa wa saratani ya umio, ashindwaye kumeza ugali, huenda akahitaji uji uliotiwa maziwa. Ndugu mwalimu, ufundishapo mlo kamili, orodha ya ubaoni haitoshi. Mzoeze mwanafunzi kuuliza kwanza: nani anayelishwa?