Spea za Boti: Pesa Iende Wapi Kwanza

Mwenye boti ya matembezi yenye mashine moja nyuma, ya kutoka Msasani kwenda kisiwa cha Bongoyo au Mbudya na kurudi jioni, hana haja ya kupakia karakana nzima. Abebe kile anachoweza kukifunga mwenyewe boti ikiyumba. Kisichofungika baharini, pesa yake iishie kwa fundi nchi kavu.

Plagi ndizo za kwanza. Mashine za tu-stroki, ambazo bado zimejaa pwani yetu, nyingi huchanganyiwa lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli. Oili ikizidi, plagi inalowa, inashika masizi, na mashine inagoma kuwaka. Plagi mpya ni pesa ya lita chache tu za petroli, kwa hiyo usibanie: chukua halisi, yenye namba ileile iliyoandikwa kwenye kitabu cha mashine. Yenye uzi mrefu kupita kiasi inaweza kugongwa na pistoni. Na ukisahau spana ya plagi, hujabeba kitu. Chujio la petroli, kamba ya kuwashia na klipu ya kuzimia mashine ni vya bei ndogo, tia vyote.

Penye uamuzi mzito ni rafadha. Ya chuma cha pua inapendeza, haichakai upesi kwa mchanga, na bei yake ni mara kadhaa ya ile ya alumini. Lakini maji yetu yakipwa, miamba iko karibu. Rafadha ya alumini ikigonga hupinda au kuvunjika jino. Ya chuma cha pua haikubali kirahisi, kishindo kikaenda kwenye gia, na gia zikivunjika bili yake inatisha. Mimi ningenunua mbili za alumini, moja ikae akiba, pamoja na nati, washa na pini zake. Kuibadilisha, inua mashine, ondoa klipu ya kuzimia, nyoosha miguu ya pini kwa koleo, kisha kaba jino kwa kipande cha ubao ili rafadha isizunguke unapofungua nati. Spana ifungwe uzi kwenye kifundo cha mkono. Mashine ndogo zenye pini ya kukatika, usizitie msumari badala ya pini: pini imewekwa ikatike ili gia zipone.

Impela ya pampu ya maji ni rahisi kununua, ila kuifikia lazima ushushe mguu wa mashine. Kwa safari ya Mbudya, ibadilishwe gereji kabla haijakakamaa. Anayevuka kwenda Unguja aibebe na gasketi zake.

Seti kubwa ya spana kwenye sanduku linalong'aa sishauri. Chumvi itaila, na nyingi hutazigusa. Kwa mashine nyingi za Kijapani, spana namba 10, 12 na 14, ile ya plagi, inayoenea nati ya rafadha, koleo na bisibisi mbili zinatosha, zikipakwa grisi na kuwekwa kwenye ndoo yenye mfuniko usiopitisha maji. Pesa iliyobaki inunue makasia na kamba ndefu ya nanga, maana mashine ikizimika upepo wa kusi ukivuma, nanga ndiyo itakayoizuia boti isipande mwamba wakati unahangaika na plagi.