Nyota Zinazozama Njiani

Jahazi lililotweka tanga Maskati kuja Mombasa kwa pepo za kaskazi lilipoteza kitu njiani. Nyota ya Kaskazini, ambayo Maskati husimama kama nyuzi 23 na nusu juu ya upeo wa macho, ilizidi kuinama kadiri chombo kilivyoshuka kusini. Karibu na ikweta iligusa maji. Mombasa, nyuzi 4 kusini ya ikweta, haionekani mwaka mzima.

Nyota hiyo iko karibu kabisa juu ya Ncha ya Kaskazini, ndiyo maana kimo chake angani hulingana na latitudo ya anayeitazama. Dunia ingekuwa bapa tungeiona sote. Ni mpindo wake unaotuzibia.

Marubani wa Kiarabu waliipima nyota hiyo kwa kamal: kibao chenye uzi uliopigwa mafundo. Rubani aliuma fundo la bandari aendayo, akaukaza uzi, akalaza ukingo wa chini wa kibao juu ya mstari wa bahari. Nyota ikikaa sawa na ukingo wa juu, amefika latitudo ya bandari. Kilichobaki ni kugeuza chombo mashariki au magharibi. Sijui kifaa rahisi kuliko hicho kilichofanya kazi kubwa hivyo. Nyota ikishazama, walipima nyingine za kaskazini, zikiwemo mbili angavu za kundi la Dubu Mdogo.

Kanuni ya nyota zisizoonekana mahali fulani ni fupi. Toa latitudo yako katika 90: nyota iliyo mbali zaidi ya hapo kutoka ikweta ya anga, upande usio wako, huioni kamwe. London hubaki 38 na nusu, kwa hiyo Suheli, nyota ya pili kwa mng'ao usiku, iliyo karibu nyuzi 53 kusini, huko haichomozi. Dar es Salaam hubaki 83. Tunanyimwa kiduara kidogo tu cha kaskazini. Ila tunalipia: London nyota angavu za kundi la Dubu Mkubwa hazitui kamwe, kwetu kila nyota angavu tunayoiona huchomoza na kuzama.

Ukiwa Dar katikati ya Mei, masika ikikupa nafasi, toka nje saa 3 usiku. Tazama kaskazini uone Dubu Mkubwa, kisha geuka kusini uone kundi la Msalaba wa Kusini. Mkazi wa London hawezi kuviona vyote viwili bila kusafiri.