Nani Akabidhiwe Kipimo cha Fedha?

Swali hili si geni kwa theolojia. Katika karne ya 14 Nicole Oresme, mwanatheolojia wa Ufaransa ambaye baadaye alikuwa askofu wa Lisieux, alifundisha kwamba sarafu ni mali ya jamii, ijapokuwa ina chapa ya mtawala. Kwa hiyo mtawala apunguzaye thamani yake kwa faida yake mwenyewe huwadhulumu raia.

Dhuluma hiyo haikuishia zamani zile. Mnamo Januari 2009 Zimbabwe ilitoa noti ya dola trilioni 100, huku akiba ya wastaafu ikiwa imekwisha kuyeyuka. Mwezi uo huo ilianza Bitcoin, fedha ya kidijitali isiyo na benki kuu. Daftari la malipo yake hutunzwa na kompyuta nyingi zinazokaguana, na kanuni zake haziruhusu sarafu kuzidi milioni 21. Watetezi wake husema kwamba si haki mamlaka ya kuongeza fedha yawe mikononi mwa wachache.

Hoja hiyo twaiona kuwa ya haki. Hata hivyo, ukomo wa idadi haujaleta uthabiti wa thamani. Bei hupanda na kushuka ghafula, na apotezaye ufunguo wake wa siri hana pa kukata rufani. Basi, mchungaji aulizwapo na washarika, na aiheshimu hoja hiyo, lakini asimshauri mjane kuweka humo akiba yake yote.