Kabla ya Kwenda Watamu, Uliza Mwezi

MAMA yangu mzazi ana umri wa miaka 78, na katika maisha yake yote ya kulima viazi huko Nyandarua hajapata kuiona bahari. Mwaka huu aliniita akanieleza haja yake kwa maneno machache: "Nataka kuona maji yasiyo na ng'ambo." Nami nimemwahidi kumpeleka Watamu mwezi wa Desemba, pamoja na wajukuu zake watatu. Ahadi ni deni, msomaji, na deni hili nalilipa kwa hofu kidogo, kwani ufuo ule uliwahi kunitia adabu.

Yapata miaka tisa sasa tangu nilipokwenda huko mara ya kwanza, mwezi wa Agosti, watoto wakiwa likizoni. Nilikuwa nimepanga kila kitu: nauli, chumba, chakula, hata kofia za jua. Jambo moja sikulipanga, nalo ni maji. Asubuhi tuliikuta bahari imekwenda mbali, mchanga mweupe uko wazi, na vile visiwa vidogo vya mawe vimesimama pakavu. Tukatembea kwa miguu hadi kwenye kimojawapo, tukaketi kivulini tukila machungwa. Kumbe nyuma yetu maji yalikuwa yakirudi kimyakimya! Nilipogeuka, njia tuliyopita haikuwako tena. Mwanangu mdogo alikuwa na miaka sita, wala hakujua kuogelea. Mimi mwenyewe sijui mpaka leo.

Tuliokolewa na mzee mmoja mvuvi aliyetuona kwa mbali akaja na ngalawa yake. Hakutufokea. Alitupakia mmoja mmoja, na tulipofika nchi kavu akaniuliza, "Mwanangu, kwani leo mwezi ngapi?"

"Leo ni tarehe 19, mzee," nikamjibu.

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Sikukuuliza mwezi wa ukutani. Nakuuliza mwezi wa juu."

Hapo ndipo nilipofunzwa somo ambalo mtoto wa pwani hulijua kabla ya kwenda shule. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja bamvua. Siku hizo bahari hujaa sana na kupwa sana, na tofauti ya maji kujaa na kupwa huweza kupita mita 3. Katikati yake, mwezi ukiwa nusu, ni siku za maji mafu, ambapo bahari husogea kidogo tu. Katika pwani yetu ya Kenya, siku za bamvua maji hupwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri. Kila siku ipitayo, saa hizo huchelewa kwa karibu dakika 50. Basi mtu ajuaye umri wa mwezi anajua pia saa ya kwenda na saa ya kurudi, hata kama hana saa mkononi.

Watamu ina sababu ya kutaka elimu hiyo. Ufuo wake si mchanga mtupu. Yako majabali ya matumbawe ya kale, yenye umri wa zaidi ya miaka laki moja, yaliyosalia nchi kavu bahari ilipoteremka. Mawimbi yameyala chini mpaka mengine yanafanana na uyoga, kichwa kipana juu ya shina jembamba. Ni mazuri kuyatazama, lakini ni makali kama msumeno. Asiye na viatu asiyasogelee, na anayetia mguu majini achunge wale viumbe wenye miiba mirefu myeusi.

Mahali hapa palitangazwa kuwa hifadhi ya taifa ya baharini mwaka wa 1968, sambamba na Malindi, nazo zikawa za kwanza za namna hiyo nchini. Kwa msafiri hiyo ni habari njema. Kwa yule mzee wangu ni habari yenye pande mbili, kwani tangu siku hiyo uvuvi ulipigwa marufuku ndani ya mipaka ya hifadhi.

Majuzi nilipompigia simu na kumwamkia, "Shikamoo mzee," aliitikia marahaba kisha akanieleza bila kuficha. "Baba yangu alivua pale mnapoogelea nyinyi. Alikufa na uchungu huo. Mimi nami nilikuwa nao, lakini naona samaki wakubwa bado wamo mle, na nje wamepungua. Basi uchungu nimeuacha nusu."

Nusu iliyobaki, akasema, ni ya wageni wanaosimama juu ya matumbawe wakidhani ni mawe. Tumbawe ni kiumbe hai, tena hukua polepole mno. Mwaka wa 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi, na matumbawe mengi ya sehemu hizi yakageuka meupe na kufa. Mguu wa mgeni mmoja huongeza msiba juu ya msiba. Kadhalika kombe na kauri usiziokote. Ndani ya hifadhi hilo ni kosa. Na usiku kasa wanapopanda ufuoni kutaga mayai, usiwamulike kwa tochi.

Kwa hiyo safari yangu ya Desemba imepangwa hivi. Agosti nimeiacha, kwani kusi huvuma kwa nguvu na bahari huchafuka. Aprili na Mei ni mvua. Desemba kaskazi imeshika na maji ni mepesi zaidi. Tutapanda gari la Malindi kutoka Mombasa, tushuke Gede, na kutoka hapo Watamu ni mwendo mfupi tu. Ada ya hifadhi siku hizi hulipwa kwa simu, basi nitaulizia mapema. Siku ambayo saa za maji hazitufai, tutaizuru Gede yenyewe, mji wa Waswahili uliohamwa katika karne ya 17 na ambao UNESCO iliutia katika urithi wa dunia mwaka wa 2024.

Siku yenyewe kaichagua mzee: mwezi ukiwa na siku 16. Saa nne watoto watatembea mawe kwa mawe pamoja naye, na kabla ya adhuhuri wawe wamerudi. "Na mama yako," akaniambia, "usimwendeshe juu ya majabali. Mkalishe ufuoni saa kumi. Bahari itakuja kumsalimu yeye."

Nilipomweleza mama kwamba tarehe yetu imetoka mbinguni wala si kwenye kalenda, nilidhani atashangaa. Hakushangaa hata kidogo. "Huyo mzee ana akili," alisema. "Kwani viazi hupandwa kwa kalenda? Hungojwa mvua."

Wahenga walisema maji yakijaa hupwa. Nami nawakumbusha wenzangu wa bara kwamba yakipwa, hujaa pia.