Shule ya Watoto wa Wageni

Sisi wa Maguu twajua sote ya kwamba mgeni hatulii mahali mtoto wake akikosa mwalimu. Leo twapenda kuwaeleza habari za shule iliyo mbali nasi, huko Moshi, chini ya mlima Kilimanjaro, penye kahawa kama vilima vyetu vya Umatengo.

Huko Moshi ilijengwa hospitali kubwa ya KCMC, ikafunguliwa mwaka 1971. Waganga wengine walitoka ng'ambo, nao walikuja na watoto wao. Lakini mganga atadumuje ugenini, ikiwa masomo ya mwanawe hayatapokelewa siku watakaporudi kwao? Kwa sababu hiyo shule ya kimataifa ilianzishwa mwaka 1969, kabla hospitali haijafunguliwa. Baadaye ikafuata mafunzo ya diploma ya kimataifa, iliyoasisiwa Geneva mwaka 1968, ambayo hukubaliwa na vyuo vikuu vya nchi nyingi. Mwaka 1987 ikapata tawi Arusha. Hata mwaka 2019 ikaingia katika umoja wa United World Colleges, ambao huwasaidia karo wanafunzi wasio na uwezo. Na watoto wa nchi hii wamo.

Basi tusidhani habari hii ni ya wageni wa ng'ambo tu. Mganga aletwaye Maguu kutoka Bukoba au Tanga naye huuliza kwanza: Mtoto wangu atasoma wapi? Tukitaka akae nasi, yatupasa kulitunza darasa letu kabla hajafika.