Riichi: kutangaza kwamba mkono uko tayari

Mfanyabiashara wa Butembo aliyefika Guangzhou kununua bidhaa huenda amewaona watu wanne wanne wakicheza mahjong. Mchezo huo ni wa Wachina. Wajapani walipouchukua waliuongezea jambo ambalo kwangu ndilo moyo wake, nalo halimo katika mchezo wa kawaida wa Guangzhou: riichi, yaani kuwatangazia wenzako kwamba umebakiza kete moja tu ushinde.

Mchezaji wa karata wa Kenya ataelewa upesi. Kwao, kabla ya kumaliza karata zako sharti useme "niko kadi". Ukinyamaza, huruhusiwi kumaliza. Huko kutangaza ni wajibu. Kwa Wajapani ni hiari, tena hulipiwa.

Kete zote ni 136, za aina 34, kila aina nne. Mkononi unashika 13, na mkono kamili kwa kawaida ni mafungu manne ya kete tatu tatu pamoja na jozi moja. Ikibaki kete moja, nawe hujachukua kete yoyote iliyotupwa na mwenzako, unaweza kusema "riichi". Unaitupa kete yako kwa kuilaza ubavu, kisha unaweka mezani kijiti cha pointi 1,000, ambacho atakichukua atakayeshinda. Sharti uwe na pointi hizo, na ukutani, yaani kwenye safu ya kete za kuokota, ziwe zimebaki kete zisizopungua nne.

Watu wengi hudhani gharama ni kile kijiti. Sivyo. Gharama kubwa ni kwamba mkono umefungwa. Kuanzia hapo kila kete unayookota, isipokukamilisha, unaitupa, hata ukiona wazi kwamba ndiyo anayoingoja jirani yako. Wenzako wameshajua na wanajihami. Wewe huna tena pa kujificha. Na ukiiacha ipite kete ya ushindi aliyoitupa mwenzako, hutashinda tena kwa kete ya mtu hadi mkono huo uishe. Utabaki kuitegemea ile utakayoiokota mwenyewe.

Kwa nini basi mtu ajifunge hivyo? Kwa sababu mkono usio na sifa inayotambuliwa na kanuni hauruhusiwi kushinda, na riichi yenyewe ni sifa. Tena ukishinda, hufunuliwa kete ya siri inayoweza kukuongezea thamani, na ukishinda kabla mzunguko mmoja haujaisha bila mtu kuukatiza, unapata nyongeza nyingine. Kila nyongeza hukaribia kuzidisha malipo mara mbili: mkono mdogo wa pointi 1,000 huwa 2,000, kisha 3,900, kisha 7,700.

Kabla ya kutangaza, tazama unangoja nini. Mwenye 4 na 5 anangoja 3 au 6, kete nane kwa jumla. Mwenye 4 na 6 anangoja 5 peke yake, kete nne, na pengine mbili zimeshatupwa mezani mbele ya macho yake. Wa kwanza atangaze mapema, bila kusita. Wa pili afikiri, hasa kete za ukutani zikiwa zimepungua.

Na kama unaongoza kwa pointi nyingi na mkono ni wa mwisho, huku una sifa nyingine ya kukushindisha, nyamaza.