Chuma Nacho Huchoka

Mtazame mtoto wako akitengeneza gari la waya nyuma ya nyumba. Hana koleo wala msumeno. Akitaka kukata waya anaukunja huku, anaukunja kule, tena na tena, na baada ya mara chache waya unakatika wenyewe. Sasa mwambie auvute waya ule ule bila kuukunja. Hata akiwaita wenzake wote wa kartie, hawataukata.

Jambo hilo dogo ni somo kubwa kwetu sisi tunaofanya kazi na mashini. Leo ukurasa huu hautasema juu ya kofia wala viatu. Utasema juu ya ndoano, mnyororo, kable, ekseli ya kamyo na godeti ya pele. Vitu hivi vinabeba mizigo, na mara nyingi vinabeba maisha yetu. Tumezoea kusema: «Kimebeba miaka 10, kitabeba na leo.» Usemi huo ndio hatari yenyewe. Ni kwa sababu kimebeba miaka 10 kwamba yafaa kukitazama vizuri leo.

Mnyororo wa Clausthal

Watu wa kwanza kulipima jambo hili walikuwa watu wa migodi kama sisi. Huko Ujerumani, katika milima ya Harz, kwenye mji wa Clausthal, walichimba fedha na risasi katika mashimo marefu. Mawe yalipandishwa kwa kamba za katani au kwa minyororo ya chuma. Kamba ziliozeshwa na maji ya mgodi. Minyororo nayo ilikatika ghafla, ikiwa na mzigo ule ule ambao jana iliubeba bila shida.

Mkubwa mmoja wa migodi hiyo, Wilhelm Albert, hakuridhika kusema kwamba ni bahati mbaya. Mwaka 1829 alijaribu minyororo kwa mashini iliyoitesa kwa mzigo, ikaurudisha na kuurudisha mara nyingi sana. Ikaonekana kwamba si uzito peke yake unaokata mnyororo. Ni uzito unaokwenda na kurudi, kama mkono wa mtoto na ule waya.

Mwaka 1834 Albert alileta dawa: kamba iliyosokotwa kwa nyuzi za chuma. Ya kwanza ilikuwa na nyuzi 12, yaani mafungu 3 ya nyuzi 4, kila uzi una unene wa milimita 3.5. Mwezi wa Julai mwaka huo ilianza kazi katika shimo la Caroline.

Angalieni akili iliyomo. Katika mnyororo, kiungo kimoja kikivunjika vyote vinaanguka. Katika kable, uzi mmoja ukikatika wengine wanaendelea kubeba, na ule uliokatika unatoka nje kama mwiba. Mnyororo unakatika bila kusema. Kable inasema kabla ya kukatika. Lakini nani anaisikiliza? Kable zinazoshusha watu katika migodi ya chini leo, kama kule Kipushi, ni wajukuu wa kamba ile ya Caroline. Nazo zinasema vile vile.

Treni ya Versailles

Siku ya 8 Mei 1842, huko Ufaransa, treni iliyojaa watu ilikuwa ikirudi Paris kutoka Versailles. Ekseli ya mashini ya mbele ilivunjika. Mabehewa yalipandana, moto ukawaka, na milango ilikuwa imefungwa kwa nje. Walikufa watu 50 na zaidi.

Wengi walidhani kwamba chuma kikitikiswa muda mrefu kinabadilika chote ndani, kinakuwa kama chumvi. Mwaka 1843 kijana mmoja wa Scotland, William Rankine, mwenye miaka 22, alionyesha njia nyingine. Alitazama ekseli zilizovunjika, akaona kwamba ufa unaanza juu ya ngozi ya chuma, pale ambapo ekseli inabadili unene kwa pembe kali. Kutoka hapo unaingia ndani polepole, siku kwa siku, mpaka chuma kizima kilichobaki ni kidogo mno. Ndipo kinavunjika mara moja.

Wewe pia unaweza kuona hayo. Kipande kikivunjika, kitazame uso wake. Sehemu moja ni laini, pengine imeshika kutu: huo ni ufa wa zamani. Sehemu nyingine ni ya mikwaruzo na inang'aa: hiyo ndiyo imevunjika leo. Basi ajali haikuanza leo. Ilianza zamani, na wengi walipita mbele yake bila kuiona. Kwa hiyo usikitupe kipande hicho. Kiwekee watu wa sekirite.

Baada ya Rankine, enjenyeri wa reli wa Ujerumani, August Wöhler, alizungusha ekseli katika mashini za majaribio, mamilioni ya mizunguko, mpaka alipotangaza matokeo yake mwaka 1870. Alithibitisha mambo mawili. La kwanza: mzigo ambao chuma kinaweza kuubeba mara moja bila neno, kitavunjwa nao ukirudi mara nyingi. La pili: mzigo ukiwa mdogo vya kutosha, chuma cha namna ile hakichoki. Ndiyo maana namba iliyoandikwa juu ya ndoano au mashini ya kuinua ni ndogo sana kuliko uzito unaoweza kuivunja. Hawakuiandika ili kutubania. Waliiandika kwa ajili ya miaka.

Kwa nini ufa unakua

Hapa wanahesabu walisaidia. Fikiri mto unaopita mahali penye nguzo ya daraja. Maji hayawezi kupita ndani ya nguzo, yanasongamana pembeni yake na kwenda mbio. Nguvu ndani ya chuma inafanya hivyo hivyo. Ikikuta tundu au ufa, inasongamana kwenye ncha. Mwaka 1913 Mwingereza Charles Inglis alifanya hesabu hiyo: tundu likiwa la mviringo nguvu inaongezeka kiasi, likiwa jembamba na lenye ncha kali, inaongezeka mno. Ndiyo sababu fundi anaviringisha pembe za kipande, na anatoboa tundu dogo la mviringo mbele ya ncha ya ufa ili kuuzuia kwa muda.

Somo hilo lililipiwa kwa uchungu mwaka 1954. Ndege mbili za abiria za namna ya Comet zilipasuka angani juu ya bahari, moja Januari, nyingine Aprili. Walikufa watu 35, kisha 21. Waingereza walichukua ndege nyingine ya namna ile, wakaitumbukiza katika tangi kubwa la maji, wakaijaza na kuipunguza nguvu ya maji ndani, sawa na ndege inayopanda na kushuka. Baada ya mizunguko 3,057, ukihesabu safari zake za zamani pamoja na ile ya tangini, mwili ulipasuka kuanzia kwenye pembe ya tundu moja lililokatwa. Ndege ilikuwa mpya kwa macho. Chuma chake kilikuwa kimechoka.

Mwaka 1961 Mmarekani Paul Paris na wenzake walitoa hesabu ya mwendo wa ufa, hata baada ya magazeti makubwa ya wataalamu kuikataa. Kwa vyuma vingi vya kazi hesabu hiyo inasema hivi kwa kifupi: ukizidisha mzigo mara 2, ufa hauendi mbio mara 2, unaenda mbio karibu mara 8. Kumbuka neno hilo siku shefu au mwenzako atakapokuambia: «Ongeza kidogo tu, tumalize upesi.»

Macho mapya

Leo elimu ya fizikia imetupa macho ya kuona ndani. Kable inapitishwa kati ya sumaku. Pale uzi ulipokatika, hata ndani kabisa, nguvu ya sumaku inavuja na mashini inaandika. Ekseli inapigwa sauti ambayo sikio halisikii. Sauti ikikuta ufa inarudi kama mwangwi. Kwa ndoano tunapaka maji mekundu, tunapangusa, tunanyunyiza unga mweupe, na ufa unajichora wenyewe.

Mwaka 2023 wataalamu wa Marekani walitangaza jambo la kushangaza: walikivuta kipande cha platini mara 200 kwa kila sekunde, na ufa uliokuwa ukikua ukajifunga wenyewe kwa sehemu. Basi na ndoano yetu itapona? Hapana. Kipande kile kilikuwa chembamba kuliko unywele mara mia nyingi, tena kilikuwa mahali pasipo hewa. Ndoano yako haiponi usiku ukilala. Ufa ulioacha jana jioni, utaukuta leo asubuhi, na haujapungua.

Tufanye nini?

1. Kabla ya kuanza zamu, tazama ndoano, mnyororo, pini na kable. Pangusa matope na mafuta kwanza, kwa kuwa ufa unapenda kujificha chini yake. Mstari mwembamba wa kutu au rangi iliyopasuka kwa mstari ni alama.

2. Kable isimame kabisa kabla ya kuikagua, na uvae glovu. Hesabu nyuzi zilizokatika, uandike, umwambie anayehusika.

3. Usichome ndoano wala mnyororo kwa moto wa kusude ili «kutengeneza». Kusude kusikoruhusiwa na ateliye kunaacha sehemu ngumu na ufa mpya.

4. Usipige alama kwa patasi wala kukwaruza chuma kinachobeba. Kila mkwaruzo ni mlango wa ufa.

5. Inua polepole. Mshtuko mmoja ni mzigo mkubwa kuliko ule ulioandikwa.

6. Usisimame chini ya mzigo, wala kando ya kable iliyovutwa. Ikikatika inapiga kama fimbo.

7. Ukiona ufa, simamisha kazi, kiweke kifaa pembeni na alama, umwite shefu. Nawe shefu, usimgombeze aliyesimamisha. Ukimgombeza leo, kesho atanyamaza.

Na nyumbani pia

Mama, ile kinga inayobeba mifuko ya makala kila juma nayo inachoka. Iambie nyumba yote itazame uma wa mbele, pale unapoingia katika shingo ya kinga. Baba, ukiinua gari kwa kriki, weka gogo au mawe imara kabla ya kuingia chini, maana kriki nayo imekwisha kuinua mara nyingi.

Wazee wetu walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa ukuta wa nyumba ni kweli, udongo kidogo unatosha. Kwa chuma, kuupaka ufa rangi au grisi si kuuziba, ni kuufunika. Ufa wa chuma hauzibwi kwa kidole. Unaonyeshwa, unaandikwa, na kifaa kinatolewa kazini. Ukitumia dakika 5 asubuhi kutazama, jioni watu wa zamu yako watapanda wote, na watoto watawapokea mlangoni.